Maswali ya Wasomaji: Buti Alizoahidi Mheshimiwa

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Katika mkutano wa hadhara hapa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, mheshimiwa mmoja anayetaka kiti cha uwakilishi wadi alitueleza mambo matatu: kwamba serikali ya kaunti imechapa kazi kuliko wakati wowote, kwamba haki za wanawake zimekwisha kupatikana kwa kuwa bunge la kaunti limejaa akina mama, na kwamba tukimchagua atawaletea wanawake wanaokomba chumvi buti na glavu. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi ni kibarua katika mashamba hayo ya chumvi. Katika hayo matatu, ni lipi la kuaminiwa? (Msomaji, Gongoni)

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Nitaanza na la mwisho, kwa sababu ndilo linalokugusa mwilini, na nadhani mheshimiwa naye aliliweka mwisho akijua ndilo litakaloamsha vigelegele.

Buti na glavu si hisani ya mwanasiasa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ambaye wafanyakazi wake wanafanya kazi katika majimaji, au karibu na kitu chenye kudhuru, awape mavazi ya kujikinga yanayofaa, zikiwemo glavu, viatu na miwani pale inapohitajika. Mwanamke anayeshinda ndani ya bwawa la chumvi, nyayo zimempasuka, kila mkwaruzo unamchonyota na macho yanamuuma kwa mng'ao wa jua juu ya ule weupe, hahitaji wakili wa kumweleza kwamba maneno hayo yanamhusu. Kwa hiyo mheshimiwa akileta buti, atakayepumua ni mwenye kampuni, aliyeondolewa gharama iliyo juu yake kisheria. Nazo zikitoboka baada ya uchaguzi, utamdai nani?

Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka viwango vya kazi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi hana mkaguzi wa kumtuma langoni mwa kampuni. Anachoweza ni kupaza sauti na kuiandikia Idara ya Usalama na Afya Kazini ije ikague. Muulizeni kama amewahi kuandika barua hiyo, naye aionyeshe. Malalamiko ya chumvi hayakuanza jana: mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu kampuni za chumvi za Magarini, eneo hili letu lenye Gongoni, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata. Mwanasiasa wa hapa anayezungumza kana kwamba ameyagundua mateso haya juzi anastahili kuulizwa alikuwa wapi muda wote huo.

Kuhusu akina mama bungeni, alisema kweli nusu. Kifungu cha 177 cha Katiba kinalazimisha viti maalumu viongezwe katika bunge la kaunti mpaka jinsia moja isizidi theluthi mbili, na viti hivyo hutoka katika orodha za vyama, si katika masanduku ya kura. Bunge la Taifa halina njia kama hiyo, na kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza sharti hilo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje Bunge. Halikuvunjwa.

Lakini hata viti vyote vingejaa, haki yako wewe ungeendelea kuitafuta kwenye karatasi ya malipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inataka kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa, awe anayeifanya ni mwanamume au mwanamke. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi kwa mfululizo wa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba, na akipitisha miezi miwili hupata masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Nyapara anayekuita kibarua mwaka hadi mwaka anajua kwa nini anapenda jina hilo. Mgombea anayejali wanawake angelisema hili jukwaani, bila kugawa chochote.

Kuhusu utendaji wa kaunti, sifa zisikushughulishe. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha muda wa kati, yaani miaka mitatu hadi mitano. Linganisha fedha zilizopangwa na zilizotumika hasa. Ukinyimwa hati, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu.

SWALI: Niliumia mkono kazini, nikaambiwa vibarua hawana bima na kwamba nikilalamika nitafutwa. Je, ni kweli? (Msomaji, Marereni)

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake, nayo haimtengi kibarua. Kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia hatari kazini ni kosa kisheria. Mpe mwajiri taarifa ya ajali kwa maandishi na ubaki na nakala. Tangu aipokee ana siku saba za kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini, au saa 24 pakitokea kifo. Tunza karatasi za hospitali, na uwasilishe dai la fidia kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.