Jibu: Tezi za kifuani zimeng'aa kwenye PET, je, upasuaji hauwezekani tena?

Ndugu, pole sana kwa kuuguliwa na mzee mwenye saratani ya pafu. Umeuliza kama ni sahihi aondolewe kwenye mpango wa upasuaji kwa sababu skani ya PET imeonyesha tezi za limfu za katikati ya kifua zinang'aa, ilhali hakuna kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara) kilichochukuliwa kwenye tezi hizo. Mimi si daktari, ila nimemuuguza mama yangu mwenye saratani ya pafu la kulia hapa Nairobi, na hakuna suala lililotuhangaisha kuliko hili. Kwa maoni yangu uamuzi huo umetangulia ushahidi, nanyi mna haki ya kuomba tezi zichunguzwe kwanza.

PET haioni saratani yenyewe. Mgonjwa hudungwa glukosi yenye florini-18, hupumzika kwa muda wa saa moja hivi, kisha mashine huonyesha mahali ambapo seli zinafyonza sukari kwa wingi. Seli za saratani hufanya hivyo, lakini seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu nazo hufanya vivyo hivyo, na hali huwa hiyo hiyo kwa sarkoidosisi (ugonjwa wa kinga ya mwili unaoleta vinundu kwenye tezi na mapafu), maambukizi ya fangasi na mapafu yaliyodhuriwa na vumbi la machimbo. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu kimewapitia watu wengi, wengine bila kujua, tezi inayong'aa ina maelezo zaidi ya moja. Mama aliwahi kutibiwa kifua kikuu zamani, na tezi zake ziling'aa pande zote mbili kwa namna inayolingana. Daktari wa mapafu alipoona hivyo alikataa kuandika hatua ya ugonjwa kabla ya kupata kinyama.

Alikuwa na sababu nzito. Tezi zenye saratani zilizo ndani ya pafu lenye uvimbe au kwenye shina lake huitwa N1, na upasuaji kwa kawaida bado huwezekana. Zile za katikati ya kifua upande ule ule ni N2, ambapo uamuzi huwa mgumu na hutegemea wingi wake. Zikifika upande wa pili wa kifua au juu ya mtulinga ni N3, na hapo kwa kawaida upasuaji huachwa. Kwa hiyo tezi yenye kovu la kifua kikuu ikihesabiwa kuwa N3, mgonjwa ananyimwa tiba ambayo ingeweza kumponya.

Mama alifanyiwa bronkoskopi yenye ultrasaundi: alipewa dawa ya usingizi mwepesi, mrija ukapitishwa mdomoni, na sindano ikatoboa ukuta wa bomba la hewa hadi kwenye tezi. Alirudi nyumbani siku ile ile. Majibu yalionyesha granuloma, yaani vinundu vya seli za kinga, bila seli za saratani, akapasuliwa. Hata hivyo, jibu la namna hiyo lina thamani tu ikiwa sampuli ina limfosaiti, seli za kinga zinazojaa kwenye tezi za limfu, za kutosha kuthibitisha kwamba sindano iliifikia tezi yenyewe; pasipo hivyo, au shaka ikibaki kubwa, daktari mpasuaji anaweza kuzifikia kwa mkato mdogo juu ya kidari.

Sisemi haya kuibeza PET. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 188, ulionyesha kwamba kuiongeza kwenye vipimo vya kawaida kulipunguza upasuaji usio na faida kutoka asilimia 41 hadi 21, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayefunguliwa kifua. Isitoshe, tezi zisizong'aa nazo si hakikisho: uvimbe ukiwa karibu na katikati ya kifua, au ukizidi sentimita 3, miongozo hupendekeza kinyama kichukuliwe hata picha ikiwa safi, kwa kuwa vijisehemu vidogo vya saratani haviwashi PET.

Ombeni ripoti kamili. Tezi hutajwa humo kwa namba, kwa mfano 4R kando ya bomba la hewa upande wa kulia, au 7 chini ya mgawanyiko wake. Mwulizeni daktari ni namba zipi ziling'aa na kama sindano ya bronkoskopi inazifikia. Ikiwa ni 5 au 6, zilizo karibu na mshipa mkuu wa aota upande wa kushoto, kwa kawaida haizifikii, na itabidi mzungumze na daktari mpasuaji wa kifua kuhusu njia nyingine.