Maswali ya wasomaji: Kwaya ya okestra ni ya nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi naimba alto kwenye kwaya ya parokia yetu hapa Morogoro. Mdogo wangu kaniwekea kwenye simu Misa ya Wafu ya Verdi, yule mtunzi wa Italia, pale kwenye jina imeandikwa Chicago Symphony Orchestra alafu chini yake Chicago Symphony Chorus. Hivi hiyo kwaya ni ya okestra yenyewe au wanaazima tu kwaya ya watu siku ya shoo? Na ilianzaje? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba dada yangu. Ni ya okestra yenyewe, ila haikuwa hivyo tangu mwanzo. Okestra ya Chicago ilianzishwa 1891 na kwa zaidi ya miaka sitini ikawa haina kwaya yake, ikitaka kupiga kazi yenye waimbaji wengi inatafuta kwaya za mjini kama ile ya Apollo ambayo ilikuwepo tangu 1872. We mwenyewe unaimba unajua ilivyo, kwaya ya kuazima inakuja na mazoea yake na mwalimu wake, mpaka mje mzoeane shoo imeshaisha.

Sasa akaja Fritz Reiner, mwongozaji mmoja Mhungaria mkali kwelikweli aliyechukua okestra ile 1953. Septemba 1957 ikatangazwa kwamba okestra itakuwa na kwaya yake ya kudumu, na wa kuiunda ni Margaret Hillis, ambaye tayari alikuwa na kwaya yake New York. Huyu mama kwa kweli anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana. Kazaliwa 1921 Kokomo, Indiana, wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa anafundisha marubani wa jeshi la majini kurusha ndege, na alichokuwa anakitaka maishani ni kuongoza okestra. Akaambiwa chuoni kwamba kipaji anacho lakini mwanamke huko hana nafasi, apitie upande wa kwaya. Inaniuma kila nikiikumbuka, manake hakuna aliyemwambia hajui kazi, waliona tu ni mwanamke basi. Akaenda kwenye kwaya na akaifanya kwa kiwango ambacho waongozaji wakubwa duniani walikuja kuinama mbele yake.

Angalia spidi yao. Kwaya imetangazwa Septemba, Machi 1958 wako stejini na Misa ya Wafu ya Mozart chini ya Bruno Walter, Aprili wako tena na hiyohiyo ya Verdi unayoisikiliza, Reiner akiongoza. Na Verdi sio mchezo! Ukiweka spika za masikioni sikiliza pale mwanzo kabisa, kwaya inatamka neno Requiem, yaani pumziko, kwa sauti ndogo ndogo kama watu wanaosali peke yao, alafu baadaye ile sehemu ya siku ya ghadhabu, Dies irae, inapasuka, goma kubwa linapigwa, matarumbeta yako juu, na sauti za besi na tenor zote lazima zisikike juu ya vurugu lote hilo bila mtu kupiga kelele. Wengi tunadhani ugumu ni kuimba kwa nguvu, kumbe ugumu ni ile mwanzo, watu zaidi ya mia kunong'ona kwenye nota sahihi na wote wafunge neno pamoja.

Rekodi yao ya kwanza ya kuuzwa ilikuwa Alexander Nevsky ya Prokofiev, mtunzi wa Kirusi, 1959. Kama kwenye hiyo yako mwongozaji ni Georg Solti basi ndiyo iliyowapa Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya kwanza, na kama ni Riccardo Muti hiyo nayo ilichukua Grammy mbili mwaka 2011. Hillis peke yake alizikusanya tisa.

Swali: Kaka habari. Nafundisha kwaya Nakuru. Mimi nataka kujua tu, kwenye kwaya kama hizo mwalimu aliyewafundisha anakuwa wapi siku yenyewe, manake naona anayeongoza ni yule wa okestra. – Msomaji, Nakuru

Jibu: Njema kaka. Anakuwa amekaa ukumbini au nyuma ya jukwaa, wiki nzima kawafundisha yeye alafu siku yenyewe fimbo anashika mwingine, yeye anaitwa mwishoni kuinamia wasikilizaji na wenzake. Ndo maana tarehe 31 Oktoba 1977 naipenda sana. Hao wa Chicago walikuwa Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki New York, na Simfonia ya 8 ya mtunzi Mahler, ile inayotaka kwaya mbili kubwa, kwaya ya watoto na waimbaji wa solo wanane. Solti akaumia, hawezi kupanda. Nani anaijua kazi yote toka nota ya kwanza mpaka ya mwisho? Hillis. Akapanda akaiongoza yote, na magazeti ya New York yakaandika. Yule aliyeambiwa mwanamke hana nafasi. Akaendelea na kwaya yake mpaka 1994 alipomwachia Duain Wolfe, akafariki 1998.

Swali: Hao waimbaji wanalipwa? Na sisi wa huku tunaweza kujifunza nini kwao? – Msomaji, Mbeya

Jibu: Wapo wanaolipwa na wapo wanaojitolea, wote wanapita kwenye majaribio ya sauti kwanza. Cha kujifunza nakupa mbinu ya Robert Shaw, mwalimu wa Hillis. Acheni maneno kwanza. Imbeni nota zenu kwa kuhesabu mapigo, wan-end-tu-end-tii-end-foo-end, kila nusu ya pigo ina silabi yake, na muimbe kwa sauti ya chini kabisa. Anayechelewa anasikika hapohapo na makoo hayachoki. Maneno rudisheni baadaye. Na mkiimba nyuma ya vyombo fuateni mkono wa mwongozaji, msifuate masikio, manake ukisubiri usikie chombo cha mbele ndo uimbe, kwa watu waliokaa ukumbini tayari umechelewa.