Matundu au kupasuliwa? Uliza kwanza ni sentimita ngapi

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, ana uvimbe kwenye tezi ya adrenali, kile kitezi kinachokaa juu ya figo, kaambiwa atafunguliwa tumbo, anauliza auze kiwanja aende India wakautoe kwa matundu, yaani kupitia vitobo vidogo bila kufungua tumbo? Nikajikuta nashika kovu langu, maana swali hilohilo nililiuliza mimi.

Presha ilinianza na miaka 31. Miaka minne naambiwa ni mawazo, punguza chumvi, na kwa wakwe walishamaliza, ni jini. Nimekaa zangu tu, mara moyo mbio, jasho, kichwa kinagonga, baada ya dakika ishirini kimya, ukifika hospitali unaonekana mzushi. Mpaka daktari mmoja kijana akanipa dumu la lita tano nikusanye mkojo wa masaa 24. Nikapanda nalo daladala ndani ya mfuko mweusi, konda ananiambia dada weka mzigo chini, nikamwambia huu haukai chini. Majibu yakatoka, sitiskani ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kushoto, sentimita 9.

Matundu mazuri, sikatai. Michel Gagner na wenzake waliyaripoti 1992 kule Montreal, Kanada, na uvimbe mdogo unatoka kwa vitobo vitatu vinne, siku mbili tatu uko kwako. Ila ukizidi sentimita 6 hivi, au wakihisi kansa, wengi wanafungua, ukipasukia ndani ni balaa, seli zinasambaa. Mimi nikafunguliwa, wiki nzima wodini, kukohoa mpaka nikumbatie mto.

Kisu chenyewe sikukiogopa kama maandalizi. Uvimbe wangu ulikuwa unamwaga adrenalini, homoni inayopandisha presha, ukiguswa tu presha inaruka, kwahiyo wiki mbili kabla nilimeza doksazosini, dawa ya kushusha presha, pua zimeziba, nikisimama kizunguzungu, na eti sasa kula chumvi, kunywa maji mengi. Chumvi! Miaka minne nimekula mchicha wa chukuchuku!

Sasa dada yangu kiwanja kiache kwanza. Uliza ni sentimita ngapi, unatoa homoni gani, utaandaliwa siku ngapi, na huyo daktari kashatoa wangapi wa hivyo, akikasirika tafuta mwingine. Na nyie wenye presha ya ujanani mnaambiwa mawazo, msikubali kirahisi, dai vipimo, mwili ni wako sio wa wifi.

Wifi mwenyewe siku hizi anakuja kuomba mafuta ya taa. Nampimia kutoka kwenye lile dumu.