Muulize Baharia: Saa na ramani vinahusiana vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa kidato cha pili amesoma kwamba mabaharia wa zamani waliijua latitudo, lakini longitudo iliwashinda mpaka ilipoundwa saa. Kaniuliza saa na ramani vinahusiana vipi, nikakosa jibu. Mama wa Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Latitudo, yaani umbali wako kaskazini au kusini ya ikweta, unaisoma angani. Kaskazini ya ikweta, manahodha wa Bahari ya Hindi waliipima kwa kibao chenye uzi wa mafundo: unauma uzi, unalinganisha kibao na nyota ya kaskazini.

Longitudo, yaani umbali wako mashariki au magharibi, haina nyota yake, kwa sababu dunia inazunguka, nyuzi (digrii) 15 kila saa. Tuseme uko baharini, jua limefika kileleni, yaani saa sita mchana. Saa uliyoirekebisha Greenwich, Uingereza, longitudo inapoanzia kuhesabiwa, inaonyesha saa tatu asubuhi. Tofauti ni saa 3. Zidisha kwa 15: uko nyuzi 45 mashariki.

Tatizo lilikuwa saa yenyewe. Ya pendulamu, yaani uzani unaobembea, haikustahimili mrama, na joto lilitanua vyuma vyake. Ikikosea dakika 4 tu, kwenye ikweta umepotea kilomita 111. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa.

Aliyeipata ni seremala, John Harrison. Saa yake ya nne, upana sentimita 13, iligonga mara 5 kwa sekunde. Ndani aliweka utepe wa shaba na chuma vilivyoshikamanishwa. Joto likibadilika unajipinda na kurekebisha mwendo. Ilisafirishwa Jamaica mwaka 1761, na kwa siku 81 ilikosea sekunde 5 hivi. Bado wakubwa waliosimamia tuzo wakadai majaribio mengine! Bunge lilimmalizia fedha mwaka 1773, mzee wa miaka 80. Linaniuma hilo hadi leo.

Mimi melini ndiye niliyekuwa nikiitia saa ufunguo. Kila asubuhi, wakati ule ule, nafuta mikono, nahesabu mizunguko, na hakuna wa kunisemesha mpaka nimalize.

Mwambie kijana asimamishe kijiti uani katikati ya Juni, aangalie kivuli kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Hapo Tanga itakuwa kama saa sita na dakika 24. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, nanyi mko 39. Nyuzi 6 zilizobaki azidishe kwa dakika 4.