Niko ugenini peke yangu: naweza kutafuta marafiki kwenye programu za wachumba?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wetu. Mimi ni kijana wa Mbeya, nina duka la nguo Mwanjelwa, nina mke na mtoto mmoja. Huwa nafuata mzigo Istanbul, naenda peke yangu. Safari ya kwanza nilikaa siku 9 bila mtu wa kuongea naye. Kituruki sijui, jioni narudi hotelini nalala. Jamaa mmoja akanionyesha Tinder: unalipia, unachagua mji unaokwenda ukiwa bado nyumbani, unaanza kuchati na wenyeji. Safari iliyofuata nikapata mwenyeji, dada wa huko. Alinitembeza jioni mbili, tukala chakula, hakuna lililotokea. Mke wangu sijamwambia, najua hataelewa. Nia yangu ni urafiki tu, na matendo huzingatiwa kwa nia. Je, kuna ubaya?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kwanza nikupe haki yako: upweke wa ugenini ni mzito, na kutaka mtu wa kuzungumza naye si dhambi. Huku Iringa tunawaona wageni wa pwani wanaoshuka kwenye basi usiku wa Julai, baridi imewashika, hawajui pa kuelekea. Mtu wa namna hiyo akikutana na sauti moja tu ya upole, haisahau.

Nabii Musa (amani iwe juu yake) alionja hali hiyo. Alitoka Misri anawindwa, akafika Madyan hana ndugu wala chakula. Soma Surat Al-Qasas kuanzia aya ya 23. Aliwakuta wanawake wawili wamekaa kando wakizuia mifugo yao, akawanyweshea, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake: hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Upweke wake aliupeleka kwa Allah, akabaki pale kivulini. Mmoja wao akarudi, anatembea kwa haya, ameleta mwaliko wa baba yake, na habari zake zote Musa akamsimulia yule mzee. Alipata mwenyeji, kazi ya miaka 8 au 10, na mke, na kila kitu kilipita mlango wa mbele, mwenye nyumba anaona.

Sasa pima njia yako kwa hiyo.

Hadithi ya nia ni sahihi, Imam Bukhari ameifungulia kitabu chake. Lakini nia yako iko moyoni mwako, na yule dada hakuiona. Alichokiona ni picha yako mahali ambapo watu huweka picha kutafuta mwenza. Je, uliandika kwamba una mke? Kama hukuandika, umemwonyesha bidhaa kwa sura isiyo yake. Mtume (rehema na amani zimshukie) alipita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikagusa unyevu. Akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuweka sehemu iliyolowa juu watu waione, kisha akasema: anayeghushi si katika sisi. Wewe ni mfanyabiashara, unajua tunavyomwona mtu anayechanganya mchele mwingine akauita wa Kyela. Moyo wa binti wa watu ni zaidi ya gunia la mchele.

Unasema hakuna lililotokea, nami nakuamini. Ila Surat Al-Israa aya ya 32 imesema msiikaribie zinaa, na makatazo yanaanzia kwenye kukaribia. Na Surat Al-Maida aya ya 5, inapowahalalishia wanaume ndoa, imekataza kujiwekea mahawara, na wafasiri wameeleza kuwa ni yule mwenza wa siri. Neno siri ndilo linalonitia hofu kwako. Sentensi iliyonisimamisha katika swali lako si ya Tinder, ni ile ya mke wako kwamba hataelewa. Ameelewa kabla hujamwambia, ndiyo maana hukumwambia. (Vijana wetu wengi hudhani aya za kuinamisha macho ni za dada zao. Surat An-Nur imeanza na wanaume, aya ya 30, ndipo wakaja wanawake.)

Kwa hiyo jibu langu: kwako haifai, uiache. Simu yenyewe haina kosa. Programu ya kutafuta marafiki wanaume wenzako, wa biashara au wa mpira, asili yake ni halali, ilmradi usikutane na usiyemjua mahali pa faragha au penye pombe. Istanbul wageni wamewahi kualikwa baa na "rafiki" mpya, wakaletewa bili ya kuwafilisi.

Mji huo, ndugu yangu, si wa kukosa mwenyeji. Kuna kaburi la Abu Ayyub Al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina, naye akafia ugenini kwenye msafara wa jeshi lililokwenda kuuzingira mji huohuo. Nenda ukaswali kwenye msikiti wa Eyüp. Ukiwa Laleli kutafuta mzigo, swala ikifika ingia msikiti wa jirani, na ukitoa salamu usikimbilie viatu: kaa, mpe mkono aliyekaa kulia kwako. Sahaba Abdurrahman bin Auf alifika Madina mikono mitupu, Saad bin Rabii, mwenyeji wa huko, akataka kumgawia nusu ya mali yake, yeye akamwombea baraka na kusema: nionyesheni soko. Urafiki wake na watu wa mji ulikulia hapo sokoni. Nawe kabla ya kuondoka Mbeya omba namba za wenzako wa Kariakoo wanaokwenda huko, na ajenti wa kargo anayejua Kiswahili.

Mwandikie yule dada mara moja, kwa adabu, umwambie una mke na umshukuru, kisha ufute akaunti. Halafu kaa na mkeo, mtoto akishalala, umweleze yote mwenyewe kabla hajaletewa na mwingine. Atakasirika, na ana haki hiyo, mvumilie. Allah akikupa uwezo, safari moja nenda naye. Mchana mtachagua magauni pamoja, na jioni utakuwa na mtu wa kuongea naye.

Wallahu a'lam.