PhD ya nyurosayansi: kozi zitapita, jiandae kwa haya mengine

Mleta mada, umesema una digrii ya baiolojia, uko hapa Dodoma, na unataka kujua PhD ya nyurosayansi (sayansi ya ubongo na neva) ina kozi ngapi na utafiti kiasi gani. Mimi nilisomea Marekani, data nikaja kukusanya kwetu Kongwa, kwa hiyo nakueleza nilikopita mwenyewe.

Masters isikutishe. Huku kwetu kwa kawaida bila uzamili huingii PhD, ila Marekani programu nyingi zinapokea mwenye digrii ya kwanza, ndiyo maana safari inakwenda miaka 5 hadi 6. Uingereza ni 3 au 4, lakini madarasa ni machache na mara nyingi unaingia mada na msimamizi unavyo tayari.

Kozi zinakula miaka 2 ya mwanzo: seli na molekuli za neva, anatomia ya ubongo, mifumo ya hisi na mwendo, takwimu, maadili ya utafiti, na kila wiki kikao cha kuchambua makala. Ukishuka chini ya wastani wa B unaitwa ofisini. Iliyonitoa jasho ni umeme wa neva. Tulianza na kazi ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya 1952, waliyoifanya kwenye neva nene ya ngisi. Mtoto wa Kongwa, ngisi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona hata sokoni! Kazi yao ina hesabu nyingi, kwa hiyo rudia kalkulasi kabla hujaondoka.

Takwimu nilikuwa naidharau. Kwenye andiko langu la kwanza nikaandika nina sampuli 200, maana nilipima seli 200. Mtahini akauliza, zimetoka kwa panya wangapi? Wanne. Akasema, basi una wanne. Seli za panya mmoja ni kama watoto wa nyumba moja, zinafanana. Ukihesabu kila moja kivyake unajiona una ushahidi mwingi kumbe huna. Ilinigharimu miezi mitatu kuanza upya. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, sasa hivi, zote ni bure.

Mwaka wa kwanza unazunguka pia maabara 3 hivi, wiki kama 8 hadi 10 kila moja, halafu unachagua pa kubaki. Nilikuwa nimeshapenda maabara moja yenye jina kubwa, mpaka wanafunzi wa pale waliponinong'oneza kwamba mzee hasomi rasimu zao na kuna mwenzao yuko mwaka wa 8. Nikahama kimyakimya. Mambo ya maabara waulize wanafunzi, profesa atakupa hadithi nzuri tu.

Mwisho wa mwaka wa pili kuna mtihani wa kufuzu: unaandika andiko kama la kuomba fedha za utafiti, kisha unalitetea mbele ya kamati. Ukipita, kilichobaki ni utafiti, tasnifu na utetezi.

Mimi nilifuata kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe. (Nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni, kinachopeleka mabuu kwenye ubongo ni kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Wengi wanachanganya hapa.) Nilihitaji kibali cha maadili cha chuo, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kisha barua za mkoa na wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kilichonichelewesha ni kosa langu mwenyewe. Fomu ya ridhaa niliandika "utafanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo". Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mtanipiga shoti?" Nusu ya kikao wakainuka. Ikabidi niandike upya kwamba mashine inasikiliza tu, haitoi umeme, na kila neno ukibadilisha kwenye fomu ile, inarudi kwenye kamati kuidhinishwa. Wazee wengine tuliwasomea kwa Kigogo. Kwa hiyo fomu ijaribu kwanza kwa mama yako mzazi.

Huko Marekani ada wengi hatulipi, na posho ya kuishi inatolewa. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Desemba na yanataka barua 3 za mapendekezo, hivyo waalimu wako waone mapema, kabla hawajakusahau sura. Na utuambie, ubongo wa nini unataka kusoma: wa panya, wa watu, au wa kuigiza kwenye kompyuta? Jibu la hilo linabadilisha kozi za kuanza nazo.