"Run" sio kukimbia tu: nilichojifunza kwenye londri ya hoteli

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa londri kwenye kihoteli kimoja cha Mji Mkongwe, Zanzibar, na Kiingereza changu nilikiamini mana form four nilikifaulu vizuri. Siku hiyo mgeni mmoja, mama wa Kiingereza mtu mzima, kaja mwenyewe mpaka mlangoni na kanga nyekundu aliyonunua Darajani, kanikabidhi mkononi akasema taratibu kabisa, "Careful with this one, it runs." Mi nikasikia inakimbia, nikaona huyu anaogopa kanga yake isipotee kwenye nguo za watu, basi nikaitia mashine moja na mashuka meupe ili nijue iko wapi. Kufungua ule mlango, jamani, mashuka yote mapinki, foronya nne nazo zina mabaka kama zimemwagiwa juisi ya choya. Kumbe "it runs" maana yake inachuja. Yule mama alinionya vizuri tu, na neno lenyewe nalijua tangu shule ya msingi. Yale mashuka nilikatwa kwenye mshahara miezi miwili.

Nayasema haya mana naona wadogo zangu wengi wanaotafuta kazi za hoteli wanajifunza hivohivo nilivojifunza mimi, neno moja tafsiri moja, run kimbia, get pata, set weka, daftari linafungwa. Sasa sikia, kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989 "set" ndo lilikuwa linaongoza, kitenzi peke yake maana kama 430, halafu walivoanza kuipitia upya mwanakamusi wao mmoja, Peter Gilliver, akakaa na "run" zaidi ya miezi tisa akatoka na maana 645, na hapo ni kitenzi tu. Ukisema ukariri zote utazeeka nazo.

Mi kilichonisaidia ni kuacha kufikiria miguu. Neno hili lina undugu na "rinnen" la Kijerumani ambalo ni kutiririka, kwa hiyo picha iliyoko chini ni kitu kinachokwenda bila kusimama, na sisi picha hiyo tunayo, ni kwenda na kuendesha. Ukikuta "run" na anayekimbia humuoni jaribu hayo mawili kwanza. The tap is running, maji yanaenda. The bus runs every hour, basi linaenda kila saa. The road runs along the coast, barabara inaenda kando ya bahari. Visa inaenda siku tisini, she runs a shop, anaendesha duka. Daktari akikuuliza kama sukari "runs in the family" anataka kujua kama kwenu inaenda kwa ukoo. Na kuna siku mgeni kashuka ngazi kajishika tumbo, uso umempauka, ananiambia "I've got the runs", nikaelewa hapohapo bila kamusi mana na sisi tunasema tumbo linaniendesha! Nikamtafutia ORS na maji ya chupa, jioni akaja kunishukuru.

Haifiki kote lakini. Saa yetu inatembea, yao "runs". Kwenye uchaguzi Mmarekani "runs", Mwingereza "stands", sisi tunagombea, hapo kila mtu na lake. Na uangalie sana vile vineno vidogo vinavofuata nyuma, mana ndo vinabadilisha kila kitu: run out of ni kuishiwa, run into someone ni kukutana na mtu hukumtegemea, lakini run over someone umemgonga na gari, hiyo ni polisi. Hivi usivitafsiri vipande vipande, vichukue vizima na sentensi yake kama ulivoisikia. Mi nina daftari la kaunta, kila ukurasa neno moja juu, chini yake sentensi za watu, nani kasema, alikuwa anataka nini. Ukurasa wa "run" una sentensi arobaini na kitu, kuna "can you run me to the ferry" (anaomba umpeleke na gari), kuna "run me a bath" (umjazie maji ya kuoga), na ya kwanza kabisa juu ni ile ya kanga.

Na uulize. Siku ile ningesema tu "sorry madam, runs how?" yule mama angenionesha kwa kidole rangi inavotoka, dakika moja imeisha. Tunaogopa kuuliza tukidhani mgeni ataona hatujasoma, wakati yeye anachotaka ni nguo yake irudi salama.

Sasa hivi niko risepsheni, na binti aliyeingia londri mwaka huu ananiletea maneno kila jioni tukimaliza kazi. Juzi kaja na "run it by me first", meneja kamwambia kabla ya kuagiza sabuni. Tukalizungusha weee, kwenda haikai, kuendesha haikai, mwisho yeye mwenyewe ndo kalipata: "Dada, si ni nipitishie kwanza?" Nikampa kalamu aandike mwenyewe kwenye daftari.